Pipa la Tiketi Katika Kiwanda cha Makonyo

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiweka kisiwa chetu katikati ya maji, akaweka ndani ya mti mmoja harufu, dawa na riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Namshukuru Mola pia kwa kunifikisha umri wa kuacha kazi nikiwa na vidole vyangu vyote, maana si kila aliyeishi na boila anaweza kusema hivyo.

Nyie vijana mnazijua karafuu kwa sababu zinauzwa. Makonyo hamyajui, na wengine mnayakanyaga njiani. Konyo ni kile kijiti kinachoshika karafuu. Karafuu zikishashushwa mtini, kina mama hukaa mkekani wakazichambua, karafuu huku, makonyo kule. Karafuu zinakwenda kuuzwa kivyake. Makonyo yalikuwa yakija kwetu kiwandani, tukayapitishia mvuke, tukapata mafuta ambayo wageni huyatia kwenye dawa za meno, sabuni na sijui vitu gani vyengine. Nilifanya kazi hiyo upande wa Ole, katika kiwanda kidogo, tokea miaka michache baada ya Mapinduzi mpaka magoti yaliponiambia basi.

Harufu ilituingia mwilini. Nikichelewa sala ya alasiri, kabla sijavua viatu, watu wa safu ya nyuma washajua Hamad kafika. Mke wangu, Bi Zuwena, alikuwa akisema mbu wa nyumba yetu wote wamehamia kwa jirani, na jirani ametununia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, mtu wa boila, lile tangi la moto linalochemsha maji yawe mvuke. Babu yake alitoka bara, lakini yeye alizaliwa Pemba na kuoa Pemba, na akisema usingemtenga na mtu wa Gando nilikozaliwa mie. Siku yangu ya mwanzo aliniambia nikinge mafuta. Sasa mie nimekua nikimtazama mama akipika mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hukaa juu, nawe unayaengua taratibu kwa upawa. Basi nikachukua upawa nikaengua juu, nikajaza ndoo, nikaileta kifua mbele. Mzee Feruzi akachovya kidole, akalamba.

"Hamad, yakhe, umeniletea maji ya kumkogeshea bibi harusi. Mafuta yako chini kule, yanakucheka."

Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, huzama. Kila kijana wa kisiwani aliyeingia pale alianza kwa kuengua juu, kwa sababu sote tumelelewa na nazi. Mzee Feruzi hakumwonya hata mmoja. Alikuwa akingojea siku hiyo kama watu wanavyongojea Sikukuu.

Nikupeni mambo mawili ya kazi, huenda kesho mkayahitaji. La mwanzo ni kukanyaga. Makonyo yakishaingia tangini tulipanda juu yake tukayakanyaga kwa miguu. Ukikanyaga kwa nguvu, mvuke unakosa pa kupita. Ukikanyaga kivivu, mvuke unatafuta uwazi mmoja unapandia hapo hapo, na makonyo ya pembeni yanabaki vile vile. "Kanyaga kama mtu aliyechelewa msikitini na wenzake wamesujudu," aliniambia Mzee Feruzi. Mpaka leo sijapata maelezo yaliyo bora.

La pili ni bomba. Mvuke ukitoka tangini hupita katika bomba lililozama ndani ya birika la maji baridi, na humo hugeuka kuwa mafuta na maji. Pale bomba linapochomoza, weka kiganja. Likiwa baridi, kila kitu kimo. Likiwa moto, mafuta yanakimbilia hewani, na nyie mnawapikia ndege. Kipimajoto kilikuja pamoja na mashine, lakini kilivunjika mapema, na cha pili hakikufika. Basi kiganja changu cha kulia ndicho kilichokuwa kipimo cha kiwanda kizima. Kikumbukeni kiganja hicho, nitakirudia.

Kitu chengine kilichotupa sifa ni meno. Aliwahi kuja mvuvi kutoka Kisiwa Panza, safari yote ile, shavu limevimba kama andazi. Tukampa pamba yenye tone moja la mafuta yetu. Baada ya muda akaanza kuzungumza, na hakunyamaza mpaka tulipofunga lango. Mzee Feruzi akasema, "Mwengine akija, mpeni nusu ya tone."

Sasa nikuelezeni habari ya pipa.

Serikali ilitulea, siwezi kusema vyengine. Iliweka mashine mahali palipokuwa na vichaka, na watoto wetu wakasoma kwa jasho la mashine zile. Lakini ikafika zama vipuri havipatikani. Boila ikawa na viraka kama kanzu ya fakiri, mishahara ikawa inakuja ikipenda, na makonyo yakawa yanaota ukungu ghalani yakingoja tangi litengenezwe. Mzee Feruzi alifariki wakati huo, Mungu amrehemu. Nilipokwenda kumtazama mara ya mwisho, aliuliza hali ya boila kwanza, kisha ndipo akaniuliza hali yangu.

Redio ikawa inasema kwamba uchumi lazima ufunguliwe. Viwanda vya serikali wapewe watu binafsi waviendeshe. Na pamoja na hayo kukawa na mazungumzo ya kuruhusu bahati nasibu, na nyumba za kamari katika mahoteli ya wageni, ili hazina ijae. Kwenye baraza ya kahawa watu waligawanyika.

"Wacha wageni wapoteze pesa zao, siye tujenge skuli," alisema mmoja.

"Na kwenye skuli hiyo utamsomesha mwanao nini?" akajibiwa. "Kuchanganya karata?"

Mie nilisema neno moja tu, nililolisoma kwa Shehe Khatib nikiwa mdogo. Mola wetu hakutuficha kwamba katika kamari mna manufaa kwa watu. Ameyataja, kisha akatwambia dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo anayesema kamari italeta pesa hajasema uongo. Amesoma nusu ya aya.

Lakini katika hili la viwanda kupewa watu binafsi, moyo wangu ulikuwa tayari. Tuliambiwa wazi kwamba asipopatikana wa kukikodi kiwanda, boila itakatwa iuzwe chuma chakavu. Nikawa nikimaliza kila sala naomba apatikane mtu. Akapatikana Bwana Thani.

Bwana Thani alikuwa mtu wa makamo kutoka Unguja mjini, mwenye adabu na haraka. Mwanzo alikuwa akicheka tukisema, anatutaka turudie, naye anajaribu kutuiga na anakosea. Tulimpenda. Alileta mabomba mapya, akaleta glavu, akaziba boila kwa chuma cha kweli, na mishahara ikawa inajua siku yake. Nilipoisikia boila ile ikinguruma bila kukohoa, nilisimama nyuma ya ghala nikalia peke yangu. Kwa hiyo asikudanganyeni mtu kwamba mzee Hamad anachukia biashara.

Msimu ulipokaribia, Bwana Thani akawaita uwanjani wenye mashamba. Walikuja wanaume wengi, na baiskeli mpya ilikuwa imetundikwa mlangoni mwa ghala, bado ina karatasi kwenye mpini. Chini yake aliweka pipa la plastiki la buluu.

"Jamani, nchi inafunguka na siye tufunguke," alisema. "Msimu huu bei ya makonyo tutaishusha kidogo. Ile inayokatwa ndiyo inayokununulia tiketi. Kila gunia, tiketi moja ndani ya pipa hili. Kila Jumamosi tunachezesha. Leo baiskeli, kesho redio, kesho kutwa cherehani. Mnasemaje?"

Wanaume wakapiga makofi. Mmoja alikuwa ameshaikalia baiskeli kwa macho, anauliza kama kengele yake inalia vizuri.

"Na asije mtu akasema kuna hila," akaendelea Bwana Thani. "Atakayetia mkono ndani ya pipa ni Mzee Hamad. Anaadhini alfajiri msikitini kwenu, mkono wake mnaujua."

Watu wakageuka kunitazama, wanacheka kwa furaha. Mie nikahisi mkono umekuwa mzito kama umefungwa jiwe.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Bi Zuwena. Alikuwa anapepeta mchele, na hakusimamisha ungo.

"Na waliopiga makofi ni kina nani?"

"Wenye mashamba. Wote wamekubali."

"Wamekubali makonyo ya nani?"

Hapo nikakumbuka. Yafaa nyie vijana mlijue hili, maana halikuandikwa popote. Kwetu, karafuu ni za mwenye shamba, lakini makonyo ni ya waliochambua. Kina mama, wajane, wasichana waliokaa mkekani mchana kutwa mpaka kucha zimekuwa nyeusi, ujira wao ndio ule. Makonyo hayo ndiyo yanayonunua sare za skuli na kitambaa cha Sikukuu. Wanaume huyabeba tu kuyaleta kiwandani, kwa kuwa gunia ni zito. Bwana Thani aliona wanaume wanaleta magunia, akadhani ni yao. Na wanaume wenyewe, mbele ya baiskeli mpya, walisahau kumwambia.

"Basi mmechezea kamari chungu cha mtu mwengine," alisema Bi Zuwena. Akarusha mchele hewani, akaudaka. "Na weye ndiye utakayetia mkono."

Nilikwenda kwa Shehe Khatib. Alikuwa mzee sana, anasikia kwa shida, ikabidi nimweleze kwa sauti kubwa mpaka wapita njia wakajua shida yangu. Akafikiri.

"Akitoa zawadi mfukoni mwake, asimpunguzie mtu haki yake, hiyo ni zawadi," alisema. "Tia hata mikono miwili. Akikata cha huyu akampa yule kwa kubahatisha, ni kamari hiyo, hata aipambe kwa kengele."

"Na wenzangu, Shehe? Kiwanda kikifungwa, wana watoto."

"Hamad, wewe umeombwa mkono wako tu. Riziki za watu hukukabidhiwa wewe." Kisha akanishika kiganja, akakinusa, akatabasamu. "Mkono umenukia halali miaka yote hii."

Kesho yake nikaingia ofisini kwa Bwana Thani. Nilimwambia kwa heshima kwamba kazi yoyote nitafanya, ila ile siwezi. Nikamwomba atoe baiskeli kama zawadi yake, bei aiache kama ilivyo.

"Mzee wangu, kamari ni karata na ulevi," alisema. "Hii ni kuchangamsha soko. Nchi nzima inafanya hivi sasa. Nimewaahidi wakubwa kwamba tangi zote zitafanya kazi msimu huu. Zikilala wananitoa, na boila inakatwa. Unalitaka hilo?"

"Silitaki. Kila siku namwomba Mungu lisiwe."

"Basi tia mkono."

"Siwezi, bwana."

Akakunja karatasi iliyokuwa mezani. Hakuwa mtu mbaya, na niliona hakupenda alichokuwa anataka kusema. "Jumamosi pipa litakuwa uwanjani. Ukisimama karibu nalo, tuko pamoja. Usiposimama, nikabidhi funguo za boila."

Nilimweleza pia ya kina mama, kwamba makonyo si ya wale waliopiga makofi. Akapunga mkono. "Hayo ya mke na mume watayamaliza wenyewe majumbani."

Wiki ile niliiishi kama mtu anayetembea juu ya tangi lililojaa. Na cha ajabu, makonyo hayakuja. Karafuu zilikuwa zimeiva, watu wako mitini, uchambuzi unaendelea kila uwanja, lakini lango letu kimya. Bwana Thani akasema labda mvua. Hakukuwa na mvua. Akasema basi yanavushwa kwa magendo. Bi Zuwena nilipomwuliza alisema, "Mie sijui, nachambua tu," na huku chini ya kitanda chetu mna magunia, nasikia harufu yake nikilala.

Jumamosi asubuhi nilisali rakaa mbili, nikachukua funguo za boila, nikazifuta mafuta. Nilitaka nizikabidhi safi. Moyo wangu ulikuwa mzito kwa ajili ya wenzangu, lakini kuhusu mkono wangu nilikuwa na utulivu.

Uwanjani wanaume walikuwepo tayari, wamevaa vizuri. Pipa la buluu lilikuwa juu ya meza, na ndani yake tiketi zilikuwa chache, za kuenea kwenye ngumi moja. Bwana Thani alikuwa anafuta jasho. Nikamwendea, nikanyoosha funguo. Hajazipokea, tukasikia watu wanakuja barabarani.

Walikuwa kina mama wa Ole na vijiji vya jirani, wamejitwika magunia. Mbele yao Bi Mchanga, mjane aliyelea wajukuu peke yake, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walifika langoni na hawakuingia. Wakatua magunia nje, wakayakalia.

"Karibuni ndani, kina mama," alisema Bwana Thani.

"Tushakaa, mwanangu," alijibu Bi Mchanga. "Tumekuja kutazama mchezo. Twasikia makonyo yetu yanacheza."

Kina mama wakacheka. Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao.

"Bi Mkubwa, haya tulikubaliana," alisema Bwana Thani. "Waume zenu walikuwa hapa hapa, wakapiga makofi."

"Wangu hakuwepo. Yuko makaburini pale, nenda mkasikilizane."

"Nataka kusema..."

"Sema, baba. Lakini kwanza niambie mie baiskeli naipeleka wapi. Nimpakie nani? Wajukuu wangu wanne, nikishinda baiskeli, wataila tairi?"

Mwanamume mmoja akajaribu kumkatiza, yule yule wa kengele. Mkewe akainuka juu ya gunia. "Weye kaa kimya! Umekubali bei ya makonyo yangu ikatwe kwa ajili ya kengele!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na hata yeye mwenyewe akacheka, akakaa nyuma ya wenzake.

Bi Mchanga hakucheka. "Bwana Thani, siye hatuna ugomvi nawe. Boila umeitengeneza, tunaisikia, tunakuombea. Lakini hiki ni kilicho mkononi. Ukikichukua hiki ukanipa matumaini, nyumbani nitapika matumaini?"

Bwana Thani alitazama magunia yale, mengi kuliko alivyowahi kuyaona mahali pamoja. Akatazama pipa lake. Akaja karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Hamad, kweli makonyo ni yao?"

"Tokea zama za bibi zetu."

"Na nikirudisha bei?"

"Muulize Bi Mchanga, bwana. Si yangu mie."

Akaenda langoni kwa miguu yake, akachutama mbele ya Bi Mchanga kama mtoto anayeomba radhi, akamwuliza. Hatukusikia alichojibiwa. Tulimwona tu Bi Mchanga akimwekea mkono begani, kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni na kujitwika gunia. Kina mama wote wakainuka pamoja naye, wakaingia langoni. Wanaume wakakimbilia kuwapokea, kila mmoja anagombania kubeba zaidi ya mwenzake.

Nilipomnyooshea tena zile funguo, Bwana Thani alizisukuma kifuani kwangu. "Una wazimu? Nani ataiwasha?"

Pipa la tiketi tukalifanya la kunawia mikono. Halikudumu. Mafuta ya makonyo hula plastiki, likalainika na kuinamia upande mmoja kama mlevi. Baiskeli Bwana Thani aliitoa zawadi, mfukoni mwake, kama Shehe alivyosema. Alimpa Bi Mchanga, naye akaikataa. Basi ikawa ya kiwanda, nami ndiye niliyeipanda miaka mingi kwenda Gando na kwengine kuwaarifu kina mama siku ya kuleta mizigo. Mmoja wa wenzangu alikuwa kila akiniona juu yake ananiita mshindi. Kengele yake, kwa kweli, ililia vizuri.

Kuhusu nyumba za kamari na manufaa yake kwa hazina, wakubwa wa nchi watajibu mbele ya Mola kwa walichokiamua, kama nitakavyojibu mie kwa kidogo changu. Ninachokijua ni kwamba kiwanda kilipita mikononi mwa mtu binafsi na hakikufa, kikapata pesa, na kila konyo lililoingia lililipiwa haki yake.

Siku ile ile ya Jumamosi tulijaza tangi. Nilikanyaga taratibu, kama mtu aliyechelewa na wenzake wamesujudu. Tukawasha boila. Kina mama hawakuondoka, walikaa kivulini mwa ghala wakila miwa, wakingoja. Bwana Thani alisimama pembeni yangu. Mvuke ulipopanda na maji ya birika kuanza kutikisika, niliweka kiganja changu cha kulia kwenye bomba.

Lilikuwa baridi. Kila kitu kilikuwamo. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, na kina mama kule kivulini, bila kuuliza kuna nini, wakaitikia.

Ewe msomaji, Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako katika kazi utakayoichagua, akukutanishe na mwalimu kama Mzee Feruzi na mwenza kama Bi Zuwena, akupe kilicho halali nacho kikutoshe, na siku mtu atakapouomba mkono wako kwa jambo usiloliridhia, akupe moyo uliotulia. Amin.